Ligi ya Mabingwa Ulaya 2018/19: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Huu ndio msimu ambao Liverpool walipindua meza ya mabao matatu mbele ya Barcelona, na Tottenham wakatinga fainali bila kushinda robo fainali wala nusu fainali kwa jumla ya mabao. Maswali mengi kuuhusu ni ya kanuni: kwa nini timu fulani ilipita ilhali mabao yalilingana, kwa nini bao lilifutwa, kwa nini mchezaji fulani hakuonekana uwanjani. Ukiisoma kanuni ya mwaka ule, mengi yaliyoitwa maajabu yanapata maelezo.

Nani alichukua kombe?

Liverpool, kwa kuwafunga Tottenham 2-0 tarehe 1 Juni 2019 katika uwanja wa Metropolitano, Madrid. Mohamed Salah alifunga kwa penalti dakika ya 2, Divock Origi akamalizia dakika ya 87. Waliohudhuria walikuwa 63,272. Lilikuwa kombe la sita kwa Majogoo wa Anfield, baada ya 1977, 1978, 1981, 1984 na 2005. Mfungaji bora wa msimu alikuwa Lionel Messi mwenye mabao 12, naye aliishia nusu fainali.

Mashindano yalianza na timu ngapi?

Timu 79 kutoka vyama 54 vya soka. Mechi za kwanza kabisa zilichezwa mwishoni mwa Juni 2018 huko Gibraltar, Kombe la Dunia la Urusi likiwa bado linaendelea. Timu nne za vyama vidogo ziligombea nafasi moja, na Drita ya Kosovo ikaipata.

Hatua ya makundi ilikuwa na timu 32. Kati ya hizo, 26 ziliingia moja kwa moja na sita zilipitia mchujo. Uhispania, Ujerumani, Uingereza na Italia zilikuwa na nafasi nne za uhakika kila moja. Msimu huu ndio wa kwanza kwa mpango huo, na ndiyo maana mtu anayekumbuka miaka ya nyuma anashangaa kuiona Italia ikiwa na timu nne bila mchujo.

Sita waliopenya mchujo: Red Star Belgrade, Young Boys, AEK Athens na PSV Eindhoven kwa njia ya mabingwa, kisha Ajax na Benfica kwa njia ya wasio mabingwa.

Ni kweli Ajax walianzia kwenye mchujo?

Kweli, tena raundi ya pili ya mchujo, mwezi Julai. Waliwatoa Sturm Graz, wakawatoa Standard Liège, halafu Dynamo Kyiv. Hizo ni mechi sita. Ongeza sita za makundi, mbili za 16 bora, mbili za robo na mbili za nusu fainali: jumla 18. Liverpool waliochukua kombe walicheza 13 tu. Anayesema Ajax walichoka dakika za mwisho mbele ya Tottenham ana pa kuanzia hoja yake, ingawa uchovu peke yake hauelezi jinsi safu ya ulinzi ilivyoachia nafasi kipindi cha pili.

Pointi zikilingana kwenye kundi, nani alipita?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu wamezoea ligi ya Uingereza ambako kinachotazamwa kwanza ni tofauti ya mabao. Kanuni ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, mwaka ule ilitazama kwanza mechi mbili za timu zilizolingana: pointi za mechi hizo, kisha tofauti ya mabao ya mechi hizo, kisha idadi ya mabao, kisha mabao ya ugenini ya mechi hizo. Zote zikigoma, ndipo unahamia kwenye tofauti ya mabao ya kundi zima, halafu mabao yaliyofungwa katika kundi zima.

Kundi B lilimalizwa na mabao ya ugenini. Tottenham na Inter walikuwa na pointi 8 kila mmoja. Inter walishinda 2-1 mjini Milan, Tottenham wakashinda 1-0 London. Jumla 2-2, lakini Tottenham walikuwa na bao moja la ugenini na Inter hawakuwa nalo. Ni timu iliyokuwa na pointi moja tu baada ya mechi tatu. Usiku wa mwisho ilihitaji sare ya Lucas Moura dakika ya 85 kule Barcelona, na ilihitaji pia Inter wasiwafunge PSV. Inter walitoka 1-1.

Kundi C lilikwenda mbali zaidi. Liverpool na Napoli walikuwa na pointi 9, kila mmoja alimfunga mwenzake 1-0 nyumbani, kwa hiyo mechi zao mbili hazikutoa jibu lolote. Tofauti ya mabao ya kundi: Liverpool 9 kwa 7, Napoli 7 kwa 5. Wote +2. Kilichobaki ni mabao ya kufunga, 9 dhidi ya 7, na Liverpool wakapita. Katika muda wa majeruhi wa mechi ya mwisho Anfield, Alisson alizuia shuti la Arkadiusz Milik akiwa karibu kabisa na goli. Lingeingia, matokeo yangekuwa 1-1, Napoli wangepita, na kusingekuwa na Anfield ile ya Mei wala Madrid ile ya Juni. Kumbuka pia kwamba Liverpool walipoteza mechi zote tatu za ugenini katika kundi hilo, ikiwemo ya Red Star.

Kundi G lina kichekesho chake: CSKA Moscow waliwafunga Real Madrid nje ndani, 1-0 na 3-0, wakamaliza wa mwisho. Walikuwa na pointi 7 sawa na Viktoria Plzeň, ila walitoka sare na kufungwa katika mechi zao mbili, kwa hiyo Plzeň, Wacheki, ndio walioshika nafasi ya tatu na kushuka Ligi ya Europa.

Droo ya 16 bora ilipangwaje?

Washindi wa makundi waliwekwa upande mmoja, washindi wa pili upande mwingine. Mshindi wa kundi alicheza mechi ya marudiano nyumbani. Timu za nchi moja hazikukutanishwa, wala timu zilizotoka kundi moja. Kuanzia robo fainali vizuizi hivyo viliondoka na ramani yote hadi fainali ikachorwa siku moja, tarehe 15 Machi 2019. Uingereza walikuwa na timu nne katika nane zilizobaki, hivyo kukutana wenyewe kwa wenyewe kulikuwa karibu hakukwepeki: Tottenham wakapewa Manchester City.

Sheria ya bao la ugenini ilifanyaje kazi?

Mabao ya mechi mbili yanajumlishwa. Jumla ikilingana, aliyefunga mengi zaidi akiwa ugenini anapita. Hayo nayo yakilingana, muda wa nyongeza wa dakika 30, kisha penalti.

Makosa ya kawaida ni kudhani bao la ugenini "linahesabiwa mara mbili". Halihesabiwi mara mbili. Haliongezi chochote kwenye jumla. Linatumika tu jumla inapolingana. Ndiyo maana timu iliyopoteza 3-1 ugenini na kushinda 1-0 nyumbani inatoka, hata kama ina bao lake la ugenini: jumla ni 3-2, na sheria haina kazi hapo.

Kwenye mtoano wa msimu huu iliamua mechi tatu.

Manchester United walifungwa 2-0 na PSG Old Trafford, wakaenda Paris na kushinda 3-1. Jumla 3-3. United mabao matatu ugenini, PSG mawili.

Tottenham walishinda 1-0 nyumbani na kufungwa 4-3 na Manchester City. Jumla 4-4. Tottenham matatu ugenini, City sifuri.

Tottenham tena: walifungwa 1-0 nyumbani na Ajax, wakashinda 3-2 Amsterdam. Jumla 3-3. Tottenham matatu, Ajax moja. Yote matatu yalifungwa na Lucas Moura, dakika za 55, 59 na ya sita ya muda wa majeruhi. Ajax walikuwa wanaongoza 3-0 kwa jumla wakati wa mapumziko. Angalia hesabu yao ilivyokuwa: kabla ya bao la tatu walikuwa mbele 3-2, na bao moja tu la Tottenham lilitosha kuwatoa papo hapo bila hata muda wa nyongeza. Timu iliyo katika hali hiyo haina sare ya kukimbilia.

Je, mabao ya ugenini yalihesabiwa hata kwenye muda wa nyongeza?

Ndiyo, na wengi waliiona hii kuwa sehemu isiyo ya haki kuliko zote, kwa kuwa mgeni wa marudiano alipata dakika 120 za kutafuta bao la ugenini na mgeni wa mechi ya kwanza alipata 90 tu. Mfano ni Porto na Roma. Roma walishinda 2-1 kwao, Porto wakaongoza 2-1 kwao baada ya dakika 90, kila kitu kikalingana. Alex Telles wa Porto akafunga penalti dakika ya 117. Kama Roma wangepata bao moja katika dakika zile chache zilizobaki, jumla ingekuwa 4-4 na wangepita wao.

UEFA waliifuta sheria hii kuanzia msimu wa 2021/22. Kwa kanuni za sasa, mechi zote tatu zilizotajwa juu zingekwenda muda wa nyongeza.

VAR (mwamuzi msaidizi wa video) ilianza lini, na kwa nini ilizua kelele kiasi kile?

Ilianza hatua ya 16 bora, Februari 2019. Makundi yalichezwa bila VAR. Wakati ule iliingilia mambo manne tu: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mwamuzi kumwadhibu mtu asiye sahihi. Kadi ya njano ya pili haikuguswa, kona iliyotolewa kimakosa haikuguswa.

Bao la kwanza kufutwa nayo lilikuwa la kichwa la Nicolás Tagliafico wa Ajax dhidi ya Real Madrid, tarehe 13 Februari, kwa sababu mwenzake aliyekuwa ameotea alimsumbua kipa.

Paris, tarehe 6 Machi: shuti la Diogo Dalot wa United lilimgonga Presnel Kimpembe wa PSG mkononi, mwamuzi Damir Skomina akaonyesha kona kwanza. Baada ya kwenda kwenye skrini akatoa penalti, na Marcus Rashford akafunga dakika ya 90+4. (Usiku huo ulikuwa na Kongo pande zote mbili: baba yake Kimpembe ametoka huko, na Romelu Lukaku aliyefunga mabao mawili ya kwanza ya United ni mtoto wa mchezaji wa zamani wa Zaire.) Skomina huyo huyo ndiye aliyechezesha fainali, na ndani ya nusu dakika ya kwanza akatoa penalti nyingine ya kuunawa, mpira uliomgonga Moussa Sissoko.

Manchester, tarehe 17 Aprili, kulikuwa na maamuzi mawili. Bao la Fernando Llorente wa Tottenham lilionekana kugusa mkono kabla ya nyonga. Sheria ya wakati ule ilitaka kuunawa kuwe kwa makusudi, kwa hiyo lilikubaliwa. Kuanzia Juni 2019 sheria ilibadilishwa ili bao linalofungwa kwa mkono lisikubaliwe hata kama ni kwa bahati mbaya. Uamuzi wa pili ni bao la Raheem Sterling wa City katika dakika ya tatu ya majeruhi. Christian Eriksen wa Tottenham alirudisha mpira nyuma vibaya, ukamgonga Bernardo Silva wa City na kumfikia Sergio Agüero aliyekuwa ameotea, naye akampa Sterling. Mpira ungetoka kwa Eriksen pekee bila kumgusa Silva, Agüero asingehesabiwa kuotea kwa kuwa ni mpinzani aliyeucheza kwa makusudi. Mguso wa Silva ndio uliofuta bao, na uliwapa Tottenham nusu fainali.

Kwa nini Son Heung-min wa Tottenham hakucheza mechi ya kwanza dhidi ya Ajax?

Kadi za njano. Kadi tatu ndani ya mashindano zilikuwa kufungiwa mechi moja, na Son aliipata ya tatu Manchester. Kadi zilifutwa baada ya robo fainali ili mtu asikose fainali kwa njano mbili tatu za zamani, lakini adhabu iliyokwisha kuiva kwenye robo ilitumikiwa nusu fainali. Andy Robertson wa Liverpool alikosa mechi ya kwanza na Porto kwa njia hiyo hiyo.

Sergio Ramos wa Real Madrid alijaribu kuicheza kanuni. Alipata njano mwishoni mwa mechi ya Amsterdam, Real wakiongoza 2-1, ili atumikie adhabu kwenye marudiano yaliyoonekana mepesi na aingie robo akiwa msafi. Kauli zake baada ya mechi zilimfanya UEFA amwongezee adhabu ikawa mechi mbili. Marudiano aliyatazama akiwa jukwaani. Real walipigwa 4-1.

Liverpool 4-0 Barcelona: ilifanyikaje hasa?

Barcelona walishinda 3-0 nyumbani tarehe 1 Mei. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba matokeo yale, kwa mabao ya ugenini, yalikuwa mabaya sana kwa Liverpool: bao moja tu la Barcelona pale Anfield lingemaanisha Liverpool wafunge matano. Salah na Roberto Firmino walikuwa majeruhi.

Origi alifunga dakika ya 7 baada ya kipa Marc-André ter Stegen kuutema mpira wa Jordan Henderson. Wakati wa mapumziko Robertson alitoka kwa maumivu, James Milner akarudi beki ya kushoto na Georginio Wijnaldum akaingia kiungo. Badiliko la kulazimishwa ndilo lililoleta mabao mawili, dakika ya 54 na 56. Jumla 3-3.

Bao la nne, dakika ya 79, lilitokana na kona. Trent Alexander-Arnold aliuacha mpira kama anayemwachia mwenzake, akaona mabeki wa Barcelona wamegeuka, akarudi haraka na kuupiga. Origi peke yake ndiye aliyekuwa tayari. Je, ilikuwa halali? Kabisa. Kona haihitaji kipenga cha mwamuzi isipokuwa yeye mwenyewe amewaambia wasubiri. Inatosha mpira uwe ndani ya robo duara na usogee waziwazi. Na mpira unaotoka moja kwa moja kwenye kona hauna kuotea.

Origi ni Mkenya? Na Wanyama alicheza fainali?

Origi amezaliwa Ostend na ameichezea timu ya taifa ya Ubelgiji. Baba yake ni Mike Okoth Origi, mchezaji wa zamani wa Harambee Stars aliyekuwa bingwa wa Ubelgiji na Genk mwaka 1999. Msimu huu Origi alifunga mabao matatu tu katika mashindano haya: mawili ya Barcelona na moja la fainali, alikoingia dakika ya 58 badala ya Firmino.

Victor Wanyama alianza mechi zote mbili za nusu fainali kwa upande wa Tottenham. Amsterdam alitolewa wakati wa mapumziko na Llorente akaingia, ili mipira mirefu ipate wa kuipokea mbele. Kwenye fainali alikaa benchi bila kuingia. Kwa hiyo Nairobi usiku ule ilikuwa na mtu kila upande.

Bao la Samatta pale Anfield ni la msimu huu?

Hapana. Mbwana Samatta na Genk walikuwa Ligi ya Europa msimu wa 2018/19. Walichukua ubingwa wa Ubelgiji, wakaingia Ligi ya Mabingwa msimu uliofuata, na bao lake la kichwa Anfield lilifungwa tarehe 5 Novemba 2019. Liverpool walishinda 2-1.

Mechi zilianza saa ngapi kwa saa za kwetu?

Ulaya ya Kati ni saa 3:00 usiku, na msimu huu uliongezwa muda wa pili wa 12:55 jioni kwa baadhi ya mechi za makundi. Tatizo ni kwamba Ulaya hubadili saa na sisi hatubadili. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, mechi kubwa za Septemba na Oktoba zilianza saa 4 usiku. Kuanzia Novemba hadi Machi zikawa saa 5 usiku, kisha Aprili hadi fainali zikarudi saa 4. Bujumbura, Kigali na Goma toa saa moja. Muscat ongeza saa moja, na huko mechi za Februari zilianza saa 6 kamili. Aliyefika kibanda umiza saa 4 mwezi Machi alisubiri saa nzima, na aliyefika saa 5 tarehe 7 Mei alikuta Liverpool wanaongoza kipindi cha pili kikikaribia.

Fedha zilikuwa kiasi gani?

Kuingia makundi: euro milioni 15.25. Kila ushindi wa kundi milioni 2.7, sare laki 9. Kufika 16 bora milioni 9.5, robo 10.5, nusu 12. Aliyefungwa fainali alipata 15, bingwa 19.

Liverpool walishinda mechi tatu za kundi bila sare, kwa hiyo: 15.25 + 8.1 + 9.5 + 10.5 + 12 + 19 = milioni 74.35. Hapo hujaweka mgao wa televisheni wala ule wa rekodi ya klabu ya miaka kumi, ambao ulianza msimu huu na ulizipendelea klabu zenye historia.

Mbona fainali yenyewe ilikuwa baridi?

Ligi ya Uingereza iliisha tarehe 12 Mei, hivyo timu zote mbili zilikaa karibu wiki tatu bila mechi ya ushindani, na bao la mapema likaifanya Liverpool irudi nyuma na kusubiri. Tottenham walishika mpira zaidi bila kupata upenyo. Kocha wao Mauricio Pochettino alimwanzisha Harry Kane, aliyekuwa nje tangu alipoumia kifundo cha mguu tarehe 9 Aprili, na shujaa wa Amsterdam Lucas Moura akaanzia benchi hadi dakika ya 66. Uamuzi huo bado unabishaniwa. Kwa maoni yetu, mchezaji aliyekosa mechi kwa wiki saba hakufaa kuanza mbele ya Virgil van Dijk, aliyetajwa kuwa mchezaji bora wa mechi.